Sili ya pampu ya haidroliki inayoruka dakika chache baada ya kufungwa

Swali: Nina trekta dogo la bustani la miaka ya 1970. Pampu yake ya haidroliki ni ya gia, inazungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini, na kazi yake ni kunyanyua mashine ya kukatia nyasi na bledi ya mbele. Ilikuwa inavuja nyuma ya puli, oili inatoa povu kwenye tangi, na pampu inalia. Niliifungua, nikaweka sili mpya ya shafti (pete ya mpira inayozuia oili isitoke kandokando ya shafti) na kuziba vifuniko kwa silikoni. Baada ya dakika chache sili ikaruka. Tena, nikinyanyua bledi na kuzima injini, inashuka yenyewe taratibu. Ninunue seti nzima ya sili au nitafute pampu nyingine?

Jibu: Ndugu, usinunue chochote bado. Sili ya shafti haikutengenezwa kuzuia presha ya haidroliki. Ile ya kawaida yenye mdomo na springi inastahimili kama 0.5 bar tu, ilhali upande wa kutolea wa pampu hiyohiyo una makumi ya bar. Kinachoilinda sili ni kitundu kidogo ndani ya kifuniko au bodi, ambacho huchukua oili inayopenya kwenye bushi za shafti (bomba fupi za chuma ambamo shafti huzunguka) na kuirudisha upande wa kufyonza. Sili ikiruka, presha imefika isikotakiwa kufika. Ukiweka nyingine bila kujua imefikaje, nayo itaruka.

Kwa maelezo yako, mshukiwa wa kwanza ni silikoni. Kifuniko kinapobanwa, silikoni iliyozidi hutafuta pa kwenda, na tone moja linatosha kuziba kitundu hicho. Tatizo lake la pili halionekani kwa macho: pampu ya gia huishi kwa nafasi ya sehemu za mia za milimita kati ya ubavu wa gia na uso unaogusana nao. Tabaka la silikoni likikaa kati ya bodi na kifuniko, nafasi hiyo inaongezeka, oili ya presha inapita pembeni mwa gia badala ya kwenda kwenye vali, na sehemu yake inaishia nyuma ya sili. Vipande vinavyokatika baadaye husafiri hadi kwenye vali na kuikwamisha. Vifuniko vya pampu hizi huzibwa kwa oringi (pete za mpira zinazokaa kwenye mifereji), au kwa gasketi nyembamba ya karatasi kwenye baadhi ya pampu za zamani. Kama yako ni ya gasketi, weka yenye unene uleule, kwa sababu unene wake ndio unaoamua nafasi ya gia.

Washukiwa wengine: kifuniko au bamba la pembeni limefungwa kinyume, hivyo kitundu cha kurudisha oili kikaangukia upande wa presha. Au mipira ya kufyonza na ya kutolea imebadilishana. Kwa kawaida tundu la kufyonza ndilo pana zaidi. Au klipu ya duara inayoizuia sili isitoke haikurudishwa. Au bushi zimelika kiasi kwamba oili inayopenya ni nyingi kuliko kitundu kinavyoweza kuibeba.

Bledi inayoshuka ni kesi nyingine

Injini ikiwa imezimwa, pampu haina kazi ya kushikilia bledi. Mzigo unashikiliwa na vali ya kuendeshea pamoja na sili za pistoni ndani ya silinda. Hata ukifunga pampu mpya kabisa, bledi itaendelea kushuka.

Ili kujua mwenye kosa ni nani, shusha bledi hadi chini, zima injini, na usogeze lever mbele na nyuma ili presha iliyobaki itoke. Kama silinda ni ya mipira miwili, fungua mpira wa upande ambao hautapokea presha wakati pistoni ikisukumwa hadi mwisho, ziba mdomo wa mpira huo kwa plagi, na uache tundu la silinda wazi juu ya chombo. Washa injini, sukuma pistoni hadi mwisho, endelea kushika lever. Oili kidogo itatoka wakati pistoni inatembea. Hiyo ni ya kawaida. Ikiendelea kutiririka pistoni ikiwa imeshafika mwisho, sili za pistoni zimekwisha. Tundu likikauka, chunguza vali.

Onyo moja hapa: usitafute uvujaji kwa kidole au kiganja. Oili ya presha inayotoka kwenye kitundu kidogo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama mchomo wa sindano huhitaji daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, hata kama haliumi. Tumia kipande cha boksi.

Povu, kabla hujashika spana

Chota oili ya tangini kwenye chupa ya kioo na uiache kwa saa moja. Ikitulia na kuwa angavu, ilikuwa na hewa. Ikibaki na rangi ya maziwa, ina maji, na itabidi uimwage yote. Hewa inaweza kuwa inaingia kwenye sili ya shafti, lakini mara nyingi zaidi inaingia kwenye mpira wa kufyonza, ambao kwenye trekta la umri huo huwa umekakamaa na klempu zake zimelegea. Injini ikiwa mwendo wa chini, paka grisi nzito kwenye kila maungio ya mpira huo, mbali na puli na mkanda. Sauti ikibadilika, umepata mlango wa hewa. Kagua pia chujio la kufyonza na tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi. Vikiziba, pampu huvuta kwa nguvu kiasi kwamba hata sili nzima hupitisha hewa.

Kufungua

Tenganisha waya wa plagi ya injini na kebo hasi ya betri. Osha pampu na eneo linaloizunguka kwa mafuta ya taa na brashi kabla ya kufungua mpira wowote. Mchanga unaoingia leo utachora gia kesho. Weka alama kwenye mipira, kisha ziba midomo yake na matundu ya pampu.

Puli itolewe kwa pula, yaani kifaa cha kuivuta. Ukiigonga kwa nyundo, shafti inarudi nyuma na gia inagonga bamba la nyuma, na mchubuko mmoja kwenye bamba hilo unatosha kupunguza presha. Ukishatoa puli na kii yake (kijiti cha chuma kinachoifunga puli na shafti), pitisha tupa laini kwenye kingo za njia ya kii. Kingo hizo hukata mdomo wa sili kama wembe, na sili nyingi mpya hufa hapo hata kabla ya injini kuwashwa.

Kabla ya kugusa bolti, chora mstari wa mshazari kwa msumari mkali kutoka kifuniko cha mbele, kupitia bodi, hadi kifuniko cha nyuma. Mstari wa mshazari hauwezi kukutana ukigeuza kipande chochote. Legeza bolti kwa mpangilio wa msalaba. Kifuniko kikigoma, kinashikwa na pini za kulenganisha: gonga pembeni kwa nyundo ya mpira. Bisibisi usiichomeke kati ya nyuso mbili, kwa sababu mkwaruzo utakaoacha hapo utavuja na hakuna oringi itakayouziba.

Ndani utakuta gia mbili. Weka alama kwa kalamu ya wino kwenye meno mawili yanayokutana, na uonyeshe upande uliotazama mbele. Gia hizo zimelikana pamoja kwa miaka mingi, zirudi vilevile. Kama pampu ina mabamba ya pembeni, uso wa shaba ndio unaogusa gia, na kwa nyuma yake kuna mpira wenye umbo la namba 3 pamoja na ukanda mwembamba wa plastiki. Piga picha kabla ya kuutoa. Mpira huo hutenga eneo la presha kubwa na la presha ndogo, na ule ukanda wa plastiki hukaa upande wa presha ndogo ili mpira usisukumwe kwenye mwanya. Ukigeuzwa, pampu inaweza kuzunguka vizuri bila mzigo lakini haitanyanyua kitu.

Silikoni ya zamani ing'oe kwa kipande cha mbao au plastiki. Pitisha waya laini kwenye kile kitundu cha kurudisha oili na uhakikishe unaona mwanga upande wa pili, au oili ya kopo inapita bila kusukumwa. Usitoke hapo hadi uwe na uhakika.

Iokolewe au itupwe

Anza na shafti, pale mdomo wa sili ulipokuwa unakaa. Pitisha ukucha kwa urefu wa shafti. Ukiona alama inayong'aa lakini ukucha haukwami, safisha kwa msasa namba 400, kisha 600, ukizungusha shafti na msasa ukibaki mahali pamoja. Usiuvute msasa kwa urefu wa shafti: mistari ya mshazari hugeuka kuwa parafujo inayosukuma oili nje, na utavuja ukiwa na sili mpya na shafti inayong'aa. Ukucha ukikwama, una njia mbili. Ya rahisi ni kukalisha sili mpya milimita 1 hadi 2 mbele au nyuma ya mahali pa zamani, kama nafasi ipo na hutaziba kitundu cha kurudisha oili. Nyingine ni kuvisha mkono mwembamba wa chuma cha pua uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Unene wake hauzidi 0.3 mm, hivyo sili ya saizi ileile bado inatumika.

Kisha mchezo wa shafti, yaani kiasi inachoyumba. Rudisha shafti kwenye bushi zake, weka saa ya kupimia mwendo mdogo (dial gauge), na uisukume juu na chini. Mimi huona 0.15 mm kuwa mwisho. Zaidi ya hapo mdomo wa sili unafukuza shafti inayoyumba na hautadumu.

Bodi ikague upande wa kufyonza. Presha husukuma gia kuelekea upande huo, kwa hiyo hata pampu nzima huwa na mkwaruzo mwepesi hapo, na usikutishe. Ukipima kwa geji ukakuta gia imechimba zaidi ya 0.2 mm, achana na pampu. Mabamba ya shaba yenye mifereji inayoshika ukucha ni hukumu ileile, isipokuwa unapata mabamba mapya. Seti ya sili kwenye pampu ya namna hiyo ni pesa iliyotupwa.

Ukilazimika kununua pampu nyingine na kibandiko cha ile ya zamani kimefutika, ujazo wake unapimika. Chukua kwa sentimita upana wa gia (W), kipenyo cha chumba kimoja cha gia kwenye bodi (D), na urefu wa vyumba vyote viwili kutoka ukuta hadi ukuta (L). Zidisha 6 × W × (2D − L) × (L − D) ÷ 2. Kwa mfano W 1.2, D 3.6 na L 6.6 inatoa karibu sentimita za ujazo 6.5 kwa kila mzunguko. Tafuta pampu iliyo karibu na ujazo huo. Kubwa zaidi itailemea injini na kuchemsha oili. Na mwelekeo wa kuzunguka usomwe ukitazama ncha ya shafti ya pampu, si ukiwa umekaa kwenye kiti. Mkanda usiopindishwa huizungusha pampu upande uleule wa puli ya injini, lakini kama ncha za shafti zinatazamana, ukihamia upande wa pampu utauona mzunguko umegeuka. Pampu ya mwelekeo usio sahihi hutema sili ya shafti mara moja, na hiyo ndiyo sababu ya pampu nyingi mpya kurudishwa dukani zikidaiwa ni mbovu.

Kuchagua sili

Matrekta mengi ya aina hii yalitengenezwa Marekani, na vipimo vyake ni vya inchi. Shafti ya robo tatu inchi ni 19.05 mm, hivyo sili ya kipenyo cha ndani cha 19 mm haina shida. Tatizo liko nje: shimo la inchi moja na robo ni 31.75 mm. Sili ya 32 mm ukiilazimisha inapinda kisahani chake cha chuma, na ya 30 mm inaelea. Pima shimo kwa vernia, si sili ya zamani iliyokwishaminywa.

Kwa oringi, unene wa kawaida wa inchi ni 1.78, 2.62 na 3.53 mm. Pete ya 3 mm ikiingizwa mahali pa 2.62 hujaza mfereji, kifuniko kinabaki juu, na umerudi kwenye kosa la silikoni. Chukua mpira wa naitraili (aina ya mpira inayostahimili oili) kwa oili ya madini. Unafaa hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Vaitoni, aina nyingine ya mpira, hustahimili hadi karibu nyuzi 200, na naipendelea kwa sili ya shafti tu, kwa sababu mdomo wake hupata joto kuliko oringi zilizokaa. Kwenye njia ya presha omba oringi za ugumu wa 90, si 70, kwa kipimo cha ugumu wa mpira cha Shore A. Mpira wa EPDM, ambao ni mweusi vilevile na hautofautishiki kwa macho, huvimba kwenye oili ya madini, basi usichukue oringi za kwenye kopo lisilo na maandishi.

Kufunga

Osha kila kipande kwa mafuta ya taa safi, kausha kwa hewa, usitumie kitambaa kinachoacha nyuzi. Sili ya shafti huingia ukiwa umeielekeza springi yake ndani, upande wa oili. Mdomo mdogo unaotazama nje ni wa kuzuia vumbi. Baadhi ya pampu huwa na sili mbili zilizogeuziana mgongo, moja ya kuzuia oili na nyingine ya kuzuia hewa. Ukikuta mbili, rudisha mbili, na ujaze grisi katikati. Tumia soketi yenye kipenyo pungufu kidogo kuliko sili, uisukume kwa vaisi badala ya nyundo ukiweza, kisha pima kina mahali pane. Tofauti ya nusu milimita ina maana sili imekaa upande. Yenye ganda la mpira ipakwe oili tu. Yenye ganda la chuma inaweza kupata utando mwembamba wa kizibio nje, mbali na kitundu. Rudisha klipu.

Kabla ya shafti kupita, funika njia ya kii kwa tepu nyembamba au bomba la plastiki lililokatwa kutoka kwenye chupa, ulipake grisi. Ukiona springi ya sili imetoka au mdomo umejikunja, itoe na uanze upya.

Paka oili kwenye gia na bushi, oringi zishikizwe kwenye mifereji kwa grisi kidogo, vifuniko vifuate mstari wako wa mshazari. Kaza kwa msalaba katika awamu tatu, ukizungusha shafti kila awamu. Bolti kavu ya M8 ya daraja la 8.8 huvumilia karibu 25 Nm. Ikiwa nyuzi zake zimo kwenye alumini, usizidishe 20 kama kitabu cha trekta hakisemi vingine. Shafti iwe nzito kidogo lakini sawa mzunguko mzima. Ikikwama sehemu moja, oringi imebanwa au gia imerudi vibaya. Fungua sasa.

Mkanda nao uangaliwe, maana pampu nyingi za bushi hazipendi kuvutwa ubavuni. Kwa urefu wa sentimita 30 kati ya puli na puli, mkanda ubonyee kama 5 mm ukiusukuma kwa kidole gumba katikati. Mkanda uliokazwa kama uzi wa gitaa hula bushi ya mbele, na bushi ikiisha, sili inafuata. Puli zilingane kwa rula ndefu, na puli ya pampu ikae karibu na bodi kadiri inavyowezekana.

(Kama kuna msomaji mwenye trekta la haidrostati (linaloendeshwa kwa oili ya presha badala ya gia), mfano Cub Cadet zenye mtambo wa Sundstrand, haya ya kufungua gia hayamhusu. Sili ya shafti ya kuingizia nguvu kwa nyingi kati ya hizo hutolewa kutoka nje baada ya kutoa klipu. Usifungue sehemu ya pistoni kwa ajili ya uvujaji wa shafti.)

Kuwasha mara ya kwanza

Mimina oili safi kwenye tundu la kufyonza huku ukizungusha shafti kwa mkono hadi itokee upande wa pili, kisha funga mipira na ujaze tangi. Oili iwe ile inayotajwa na kitabu cha trekta lako, kwa kuwa mengine yalitumia oili ya injini, mengine ya gia za otomatiki, na viwango vya mnato havifanani. Kamwe usiongeze mafuta ya breki, huvimbisha naitraili.

Rudisha kebo hasi ya betri. Waya wa plagi ya injini ukiwa bado umetengwa, zungusha kwa stata sekunde chache, mara mbili au tatu. Rudisha waya, washa, uache mwendo wa chini kwa dakika tano bila kugusa lever. Kisha nyanyua na kushusha bila kufika mwisho wa silinda. Povu kidogo mwanzoni ni hewa iliyokuwa kwenye mipira. Zima, subiri itulie, ongeza oili. Pampu ikilia bila kunyamaza ndani ya dakika moja, zima na urudi kwenye mpira wa kufyonza.

Ukifika kwenye kazi ya mzigo na bledi ikawa nzito kunyanyuka, pima presha kwa geji kwenye mstari wa kutolea kabla ya kugusa skrubu ya vali ya usalama. Kukaza skrubu hiyo ili kufidia pampu iliyochoka huongeza oili inayopenya kwenye bushi, na sili ndiyo ya kwanza kulipa. Baada ya saa kumi za kazi badilisha chujio, ulikate na kulifungua: chembe nyembamba za rangi ya shaba zinatoka kwenye mabamba au bushi, na vipande laini vyeusi ni mpira uliokatwa wakati wa kufunga.